Sayyid Khalid bin Barghash: Mfalme wa siku tatu au mnyang'anyi wa kiti?

KATIKA vitabu vya rekodi za dunia Zanzibar imepewa nafasi kwa jambo moja ambalo watu hulisoma huku wakicheka. Ni vita vya asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27 Agosti 1896, vinavyohesabiwa kuwa vifupi kuliko vita vyote vilivyowahi kupiganwa. Wengine wanasema vilichukua dakika 38, wengine wanafikisha 45. Mtu aliyepigwa katika vita hivyo, Sayyid Khalid bin Barghash, hutajwa kwa mstari mmoja tu: alinyakua kiti kisichokuwa chake, akaonywa, hakusikia, akapigwa, akakimbia. Baada ya hapo msomaji hufungua ukurasa mwingine.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nao walinieleza hivyo hivyo nilipowauliza. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mtu huyo aliishi miaka 31 baada ya asubuhi ile, na kwamba zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliishi hapa hapa Dar es Salaam. Wala hakuna aliyejiuliza swali ambalo kwa mtazamo wangu ndilo kubwa: ikiwa Khalid alikuwa mnyang'anyi wa kiti, ni nani basi aliyekuwa na haki ya kukitoa?

Ndugu msomaji, ili tulijibu hilo hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwa babu yake. Sayyid Said bin Sultan alipofariki dunia mwaka 1856 aliacha watoto wengi na dola yenye pande mbili, Oman na Zanzibar, lakini hakuacha sheria ya urithi. Katika nyumba ya Al-Busaidi haikuwa desturi kwamba mtoto wa kwanza wa mfalme ndiye mfalme. Maibadhi kwa asili wana utaratibu wa kumchagua Imamu kwa rai ya maulamaa na wakubwa wa watu, ila Mabusaidi wa zama hizo walikuwa wamekwishaacha kutumia cheo cha Imamu na kujiita Sayyid. Kilichobaki kilikuwa mchanganyiko: awe wa ukoo, awe na nguvu, na wakubwa wa mji wakubali kumpa mkono wa bai'a. Kwa hiyo kila mfalme alipokufa palikuwa na zaidi ya mmoja mwenye hoja.

Baba yake Khalid, Sayyid Barghash, alilijua jambo hilo vizuri maana yeye mwenyewe aliwahi kuwa mdai wa kiti. Mwaka 1859 aliinuka dhidi ya ndugu yake Sayyid Majid, akiungwa mkono na Waarabu wa kabila la Al-Harthi na baadhi ya dada zake, akiwemo Sayyida Salme. Akajifungia katika shamba moja nje ya mji. Majid hakuweza kumtoa peke yake, wakaingia mabaharia wa Kiingereza kumsaidia, na Barghash akapelekwa Bombay, India, alikokaa takriban miaka miwili kabla ya kurejeshwa. Majid alipofariki mwaka 1870, yule yule mwasi wa jana ndiye aliyekalia kiti, na hakuna aliyemwita mnyang'anyi. Miaka miwili baada ya uasi ule, mwaka 1861, mgogoro baina ya Majid wa Zanzibar na kaka yake Thuwaini wa Oman nao uliamuliwa na gavana mkuu wa Kiingereza wa India, Lord Canning, aliyezitenganisha nchi mbili na kuiamuru Zanzibar iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Mkono wa Mwingereza katika urithi wa Mabusaidi haukuanza na Khalid, basi. Kilichobadilika zama za Khalid ni kwamba mkono huo uliandikwa katika karatasi.

Sayyid Barghash alitawala hadi mwaka 1888. Huyu ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na ndiye aliyeupa mji maji ya mfereji. Mwaka 1877 alimwajiri ofisa kijana wa jeshi la majini la Kiingereza, Lloyd Mathews, amuundie jeshi la askari wenye sare na mazoezi ya Kizungu. Baada ya kimbunga kikubwa cha mwaka 1872 kuziharibu meli zake, alijiundishia Uingereza meli mpya iliyoitwa Glasgow. Tafadhali yaweke akilini majina haya: Mathews, jeshi lake, Glasgow na Beit al-Ajaib. Yote tutakutana nayo tena.

Mwezi Agosti 1885 Khalid alikuwa mtoto wa nyumba hiyo wakati manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri na kuelekeza mizinga kwa baba yake, ili akubali kwamba Wajerumani wamechukua ardhi ya bara. Pamoja nao alikuja shangazi yake, Sayyida Salme, ambaye alikuwa ametoroka zamani, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, na sasa akiitwa Emily Ruete. Wajerumani walimleta pamoja na watoto wake kama njia ya kumtia Barghash wasiwasi. Kumtunza mdai na kumtoa siku anapohitajika ilikuwa biashara ya wakubwa wa Ulaya tangu kale, na Khalid aliiona ikitumika dhidi ya baba yake kabla ya kutumiwa naye.

Barghash alipofariki, kiti kilikwenda kwa ndugu zake, kwanza Sayyid Khalifa na kisha mwaka 1890 Sayyid Ali. Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Mwaka huo huo wa 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki kwa mkataba wa Heligoland, Sayyid Ali alikubali nchi yake iwe chini ya himaya ya Uingereza. Katika makubaliano hayo palikuwa na sharti kwamba mrithi wa kiti hatakalia mpaka serikali ya Kiingereza imridhie. Ukiyapima maneno hayo utaona kwamba maana ya bai'a iliondoka siku ile. Wakubwa wa mji wangeendelea kubusu mkono wa mfalme mpya, maulamaa wangeendelea kumwombea katika khutba, lakini uamuzi ulikuwa umehamia kwenye meza ya balozi.

Sayyid Ali alipofariki Machi 1893 zamu ilifika kwa wajukuu wa Sayyid Said. Khalid akaingia kasrini. Mathews, yule mwajiriwa wa baba yake, sasa alikuwa waziri mkuu wa serikali ya Zanzibar, na pamoja na balozi wa Kiingereza wakamtoa bila risasi kulia. Waliyemtaka wao alikuwa binamu yake, Hamad bin Thuwaini, mtu mzima ambaye walidhani angekuwa mtulivu. Hata hivyo Hamad naye aliwachosha, akajiundia kikosi chake cha walinzi wa kasri, na Waingereza wakawa wanakitazama kwa jicho baya.

Siku ya Jumanne, tarehe 25 Agosti 1896, karibu na saa sita mchana, Sayyid Hamad alifariki ghafla. Ulikuwa mwezi wa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka 1314 Hijria. Uvumi ukaenea kwamba Khalid alimpa sumu. Uvumi huo haujathibitishwa hadi leo, na mimi sioni kama ni uadilifu kumhukumu mtu kwa neno la vibarazani. Lililo wazi ni kwamba Khalid hakusubiri. Maiti ilizikwa mchana ule ule, na saa tisa alasiri mizinga ya kasri ikapiga salamu ya kumtangaza mfalme mpya.

Balozi mkuu hakuwepo, alikuwa likizo, na kazi ilikuwa mikononi mwa Basil Cave. Cave na Mathews walimwonya Khalid mapema kwamba bila ya idhini yao hatambuliwi. Yeye akajibu kwa vitendo. Kikosi cha walinzi kikiongozwa na Kapteni Saleh kiliungana naye, wakaja na wananchi wengine, watumishi na watumwa, mpaka watu waliomzunguka wakakadiriwa kuwa 2,800. Walikuwa na bunduki za mtombo, mzinga wa kale wa shaba, na mizinga miwili ambayo Kaiser wa Ujerumani aliwahi kumtunuku mfalme wa Zanzibar. Bandarini ilikuwepo Glasgow.

Upande wa pili zilikuwepo manowari mbili, Philomel na Thrush. Jioni ile ile ikaingia Sparrow. Siku ya pili zikaingia Racoon na St George, meli ya Admirali Harry Rawson. Simu ya waya wa baharini ilikuwa imekwishafika Zanzibar tangu mwaka 1879, hivyo Cave aliuliza London na London ikamjibu kwamba afanye aonavyo ataungwa mkono, mradi asianze kitu ambacho hana uhakika wa kukimaliza. Nchi kavu Mathews na ofisa wa Kiingereza aitwaye Raikes walikuwa na askari wa Zanzibar wapatao 900. Kwa maneno mengine, jeshi lililoundwa na Barghash lilisimama kumtoa mwana wa Barghash katika nyumba ya Barghash, likiamriwa na mtu aliyeajiriwa na Barghash. Katika mkasa wote huu hakuna jambo linalonishangaza zaidi ya hili.

Sharti alilopewa Khalid lilikuwa kuteremsha bendera na kutoka kasrini ifikapo saa tatu asubuhi ya Alhamisi. Bendera yenyewe ilikuwa ile nyekundu tupu ya Masayyid. Nusu saa kabla ya muda kwisha alituma jibu kwamba hana nia ya kuiteremsha na kwamba haamini kama Waingereza watampiga. Wengi wamemcheka kwa jibu hilo. Lakini tujiulize: alikuwa na sababu gani ya kuamini? Mwaka 1885 Wajerumani walimwelekezea baba yake mizinga na hawakupiga. Mwaka 1893 alitolewa yeye mwenyewe na hapakupigwa. Mara zote mizinga ilikuwa ya kutisha tu. Safari hii haikuwa hivyo.

Saa tatu na dakika mbili manowari zilifungua moto. Kasri la Beit al-Hukm lilikuwa na sehemu kubwa ya mbao na halikujengwa kwa ajili ya mizinga, likaporomoka na kushika moto likiwa limejaa watu. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib uliharibiwa vibaya. Glasgow ilijaribu kujibu, ikazamishwa pale pale bandarini, na milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji kwa miaka mingi, hadi mabaki yake yalipoondolewa mwaka 1912. Bendera ilipokatwa na risasi mizinga ikanyamaza. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Watu 500. Hesabu hii ndiyo inayonifanya nisicheke nisomapo vitabu vya rekodi. Wengi wao hatuna majina yao. Walikuwa askari wa mshahara mdogo, wapishi, wabeba maji na watumwa ambao hawakuulizwa kama wanataka kufa kwa ajili ya kiti cha nani.

Na hapa nataka tuambizane ukweli. Wapo miongoni mwetu wanaopenda kumfanya Sayyid Khalid shujaa wa Uislamu aliyesimama dhidi ya makafiri. Mimi sioni kama ushahidi unatufikisha huko. Wenye mashamba ya mikarafuu waliomuunga mkono walikuwa na hofu yao, nayo ilikuwa juu ya watumwa. Biashara ya utumwa ilikuwa imekwishapigwa marufuku na soko kufungwa tangu mwaka 1873, na kila mtu alijua kwamba zamu ya utumwa wenyewe inakuja. Kweli, mfalme aliyewekwa na Waingereza baada ya Khalid alitia saini amri ya kuuondoa mwaka 1897. Mwislamu hana haja ya kulificha hilo ili kumtetea mtu wa ukoo wa kifalme. Dini yetu imeyafanya malipo ya makosa kadhaa kuwa ni kumwacha huru mtumwa, na mwenye kumng'ang'ania mtumwa kwa ajili ya karafuu hana la kujivunia kwayo.

Lakini ukweli huo nao haumpi Mwingereza haki ya kiti. Kama hoja ilikuwa utumwa, mbona mtangulizi wa Khalid, waliyemweka wenyewe, alitawala miaka mitatu na utumwa ukabaki? Hoja ilikuwa idhini. Saa chache baada ya moto kuzimika walimkalisha Sayyid Hamud bin Muhammad, naye pia mjukuu wa Sayyid Said kama alivyokuwa Khalid na kama alivyokuwa Hamad. Kwa damu walikuwa sawa watatu hao. Kwa bai'a, yule aliyetangazwa mbele ya umati wa watu wa nchi alikuwa Khalid, hata kama umati huo ulikusanywa kwa haraka na kwa silaha. Hamud alizidi kwa jambo moja tu, naye aliyempa alikuwa Cave. Baadaye wafuasi wa Khalid walitozwa fidia ya rupia 300,000, ikiwemo gharama ya mizinga waliyopigwa nayo!

Khalid mwenyewe alitoka mapema. Vita vikiendelea alikimbilia nyumba ya ubalozi wa Ujerumani pamoja na wafuasi wapatao 40, akawaacha wengine ndani ya kasri linaloungua. Simtetei katika hilo. Waingereza wakamtaka, Wajerumani wakakataa, kwa kuwa mapatano yao ya kubadilishana wahalifu hayakuwagusa wakimbizi wa siasa. Askari wakawekwa nje ya mlango kumngoja akanyage tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Akakaa humo zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba 1896 ikaja manowari ya Kijerumani Seeadler. Maji yalipojaa mpaka ukingoni mwa nyumba ile, mashua ikasogezwa mlangoni, na Khalid akaingia moja kwa moja kutoka ardhi ya ubalozi hadi chombo cha Kijerumani bila mguu wake kugusa nchi aliyodai kuwa ni yake.

Akaletwa Dar es Salaam. Mji huu ulianzishwa na ami yake, Sayyid Majid, katika miaka ya 1860, na baba yake alipokalia kiti hakuutilia maanani. Pwani yote hii iliuzwa kwa Wajerumani na ami yake mwingine, Sayyid Ali, kwa marki milioni nne. Kwa hiyo alikuja kuwa mgeni katika mji wa ami yake, katika ardhi iliyouzwa na ami yake, akihifadhiwa na watu waliomwelekezea baba yake mizinga. Akaishi hivyo karibu miaka 20. Vita vya Maji Maji vilipiganwa na kwisha yeye akiwa hapa. Zanzibar Hamud alifariki mwaka 1902, akafuatiwa na mwanawe Ali aliyesomeshwa Uingereza, naye akajiuzulu mwaka 1911, akaja Sayyid Khalifa bin Harub. Kila kiti kilipokuwa wazi, mdai alikuwa ng'ambo ya pili ya mkondo, safari ya saa chache kwa meli, na hakuna aliyemwita. Wajerumani hawakuwahi kumrudisha Zanzibar. Walimweka tu.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, Dar es Salaam ikaangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916, na Khalid, aliyewaponyoka kwa miaka 20, wakamkamata. Walimpeleka St Helena, kisiwa kilicho katikati ya Bahari ya Atlantiki alikofia Napoleon, na Seychelles. Visiwa hivi vya Seychelles walivigeuza kuwa jela ya wafalme wa Afrika: Kabaka Mwanga wa Buganda alifia huko, na Kabalega wa Bunyoro na Prempeh wa Asante walikaa huko zaidi ya miaka 20 kila mmoja. Makosa yao kwa asili yalifanana na la Khalid. Walijiona wafalme bila ya kuomba ruhusa.

Katika miaka ya 1920 akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, lakini si Zanzibar. Akapewa Mombasa. Unguja Sayyid Khalifa bin Harub alikuwa amekwishatulia, mtu mpole aliyependwa, ambaye angetawala mpaka mwaka 1960. Milingoti ya Glasgow ilikuwa imeondolewa bandarini, Beit al-Ajaib ilikuwa ofisi ya serikali, na mahali palipokuwa na Beit al-Hukm palikuwa hapana kasri tena. Mdai wa kiti alikuwa mtu mzima asiyekuwa na jeshi wala mfadhili, na kwa Waingereza hakuwa tena tishio kwa yeyote.

Sayyid Khalid alifariki dunia Mombasa mwaka 1927, Mwenyezi Mungu amsamehe na amrehemu. Kisheria ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na Mombasa yenyewe, ulikuwa bado ni mali ya mfalme wa Zanzibar, na Waingereza waliukodi kutoka kwake tangu mwaka 1895. Kwa ajili hiyo bendera nyekundu tupu, ile ile aliyokataa kuiteremsha, ilikuwa ikipepea juu ya Ngome ya Yesu siku aliyofariki, na ikabaki hapo hadi mwaka 1963.